Joto ni lile lile, bahari siyo: tuliyojifunza Thailand

Mtu wa Mombasa akienda likizo Thailand, kinachomponza ni mazoea kuliko ugeni. Joto analijua, mnazi anaujua, bahari kazaliwa nayo, mbu ni jirani yake wa siku zote. Anashuka ndege, anavuta ile hewa nzito yenye unyevu, anajiona yuko kwao, na hapo ndipo anapoacha kuuliza. Mimi, mume wangu na wifi yangu tulikwenda mwezi wa Agosti kwa sababu moja tu: mimi na wifi ni walimu, na Agosti ndiyo likizo yetu. Naandika kwa wenye mpango kama huo, hasa wenzetu wa pwani.

Nianze na karatasi, maana ndizo zilizotunyima usingizi. Mwenye pasipoti ya Kenya anaomba visa kabla ya safari, na tangu Januari 2025 maombi hayo yanafanywa kwa mtandao. Unaambatisha pasipoti iliyobakiza miezi sita au zaidi, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali utakapolala na taarifa ya benki. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutoa jasho. Akaunti ya mwalimu inajulikana: mshahara unaingia tarehe fulani, na baada ya siku chache umebaki unyayo wake. Wifi alitaka kukopa chama aitie akaunti yake inenepe kidogo. Mume wangu akamwambia, "Dadangu, pesa iliyoingia jana kwa mpigo hata mtoto wa darasa la nne ataiuliza imetoka wapi." Tukaacha. Tulipeleka hati za mshahara, barua za mwajiri na akaunti zilivyo, na yeye mume wangu, ambaye hufanya kazi bandarini, akaandika barua kwamba ndiye atakayebeba gharama kubwa. Visa zikatoka. Ushauri wangu ni kuomba mapema na kutolipia chochote kisichorudishika kabla ya jibu. Hoteli za kufuta bila malipo zipo nyingi.

Kisha kuna kadi ya kuwasili ya kidijitali, ambayo Thailand ilianza kuidai tarehe 1 Mei 2025. Inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Narudia, ni bure. Ukitafuta kwa haraka kwenye simu, utaletewa kwanza kurasa zinazofanana na za serikali zikikudai dola kadhaa "za huduma". Tovuti ya idara ya uhamiaji yenyewe haidai hata senti.

Na kadi ya manjano usiiache nyumbani. Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachanjwa mara moja cheti kinatambulika maisha yako yote, hata kama kile cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Katika uwanja wa ndege wa Bangkok, Suvarnabhumi, kuna dawati la afya kabla ya foleni ya uhamiaji. Wengi wanalipita, wanapanga foleni ndefu, wakifika mbele wanarudishwa nyuma wakagongewe muhuri. Sisi tulilitafuta kwanza kwa sababu jirani yetu kwenye ndege, mfanyabiashara wa Eastleigh anayekwenda huko kununua nguo, alitutonya. Huyo mtu tulimwombea dua.

Sasa fedha. Hesabu rahisi kwa Mkenya ni kuzidisha baht kwa nne, upate shilingi kwa kukadiria. Shilingi zetu zenyewe usizibebe kwa matumaini ya kuzibadilisha. Beba dola, noti za mia, safi, zisizokunjika wala kuandikwa. Noti ndogo ndogo hupewa bei ya chini. Kwenye uwanja, maduka ya kubadilisha fedha ya juu, karibu na mizigo, yanakukata vibaya. Ukishuka hadi ghorofa ya chini kabisa, karibu na kituo cha treni ya uwanja, utakuta mengine yenye bei nzuri zaidi. Mashine za benki huko hutoza baht 220 au zaidi kila unapotoa pesa kwa kadi ya kigeni, kiasi chochote utoacho, kwa hiyo kutoa kidogo kidogo ni kujiumiza. Na mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa shilingi papo hapo, kataa. Kiwango chake ni cha kumnyoa mtu bila maji.

Jambo moja dogo lilitupotezea nusu siku: namba ya siri ya benki hutumwa kwenye laini ya Kenya. Ukizima laini yako ukaweka ya Thailand, kadi inagoma kulipia mtandaoni kwa sababu ile namba haifiki. Washa huduma ya kutumia laini ng'ambo kabla ya kuondoka, hata kama ni kwa kupokea ujumbe tu. Laini ya huko inasajiliwa kwa pasipoti na si ghali. Bolt ile ile ya Mombasa inafanya kazi, na Grab, programu nyingine ya kuita teksi, pia ipo, kwa hiyo huna haja ya kubishana na mtu juu ya nauli. Na plagi zetu zile za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao nyingi, beba kibadilishio.

Kutoka uwanjani tulipanda treni hadi stesheni ya Phaya Thai mjini, baht 45 kwa mtu, tukapita juu ya msongamano tukiutazama. Ukiwa na mizigo mingi chukua teksi ya mita, lakini ujue juu ya mita kuna baht 50 za uwanja, na ushuru wa barabara ya haraka ni wako pia.

Bangkok yenyewe sitaizungumza sana, wengi wameshaieleza. Nitasema hili. Nje ya Kasri Kuu, mtu aliyevaa vizuri, shati limepigwa pasi, alitusimamisha kwa upole akatuambia leo kumefungwa, kuna sherehe ya kifalme, lakini ana rafiki mwenye tuktuk atakayetuzungusha kwa baht 20 tu tuone hekalu jingine na duka la vito. Wifi alinitazama, nikamtazama, tukaangua kicheko. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus hawezi kuuziwa hiyo. Mabichiboi wa kwetu wana maneno matamu zaidi. Tulimshukuru, tukaenda hadi langoni, tukakuta pamefunguliwa, watu wamejaa. Kiingilio ni baht 500, na mwisho wa kuingia ni saa 9 na nusu alasiri. Hapo mavazi ni sheria: mabega na magoti yafunikwe. Mimi na wifi na buibui zetu tulipita kama maji. Aliyekwama ni mwanamume wetu na kaptula yake ya likizo, akalazimika kununua suruali pana yenye picha za tembo nje ya lango. Ameivaa mpaka leo nyumbani.

Mfalme hasemwi ovyo huko. Sheria ya kumtusi ina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na picha yake iko kwenye kila noti, kwa hiyo noti ikipeperushwa na upepo usiizuie kwa mguu. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye stesheni na bustani, watu husimama palepale walipo, nawe simama. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto mzuri kiasi gani. Miguu usiielekeze kwa mtu wala kwa sanamu. Mwanamke asimguse mtawa, wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Na sauti: sisi tukipatana bei sokoni tunapiga kelele kwa raha, hakuna anayekasirika. Kule ukipaza sauti umeshindwa. Punguza bei kwa tabasamu, ukikataliwa ondoka.

Chakula ndicho kilichotupa hofu kabla ya kwenda, na ndicho kilichotupa raha kubwa tulipofika. Nguruwe yumo kwenye vitu vingi, na hata sahani ya mboga inaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta yake. Lakini Waislamu wapo Thailand tangu zamani, na alama ya halali ya baraza lao la Kiislamu utaiona kwenye pakiti dukani na kwenye vibanda. Bangkok, nenda mitaa ya Msikiti wa Haroon, kando ya barabara ya Charoen Krung, hasa Ijumaa. Phuket, kisiwa cha kusini tulikokwenda baadaye, maeneo ya Kamala na Bang Tao yana misikiti mikubwa na akina mama wenye hijabu wakiuza chakula barabarani. Tafuta khao mok gai. Ni wali wa manjano wenye kuku na viungo, na ukiutia mdomoni utajua mara moja kwamba una undugu na biriani. Baht 50 au 60 sahani. Usiku kuna roti za ndizi na maziwa mazito, zinarushwa na kunyooshwa mbele yako na vijana ambao mikono yao ingewafaa kwenye mkahawa wowote wa Mji wa Kale. Pilipili yao lakini si ya mchezo. Sema "mai phet", yaani isiwe kali, kabla, na hata hapo jiandae. Matunda ndiyo usiseme: shokishoki kwa mafungu, mafenesi yaliyochambuliwa tayari. Duriani, lile tunda lenye harufu kali, ukilinunua ulile huko huko nje, maana hoteli nyingi zimebandika marufuku yake mlangoni.

Wifi alipatwa na kihoro mara ya kwanza aliponunua maziwa, akaona mwisho wa matumizi umeandikwa 68. Ni kwamba kalenda yao ya Kibuddha iko mbele yetu kwa miaka 543, na mwaka 2025 kwao ni 2568.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike, yaani bahari.

Sisi tunajua pepo mbili, kusi na kaskazi. Agosti ni kusi: kwetu kumepoa, mvua kubwa za masika zimekwisha, na ukikaa Nyali au Diani unaona mawimbi yanavunjika mbali kule kwenye mwamba, huku ndani maji yametulia, watoto wanaoga. Basi tukadhani Agosti ni Agosti. Kumbe ule ule upepo wa kusi ukishavuka ikweta unapinda, unageuka kuwa upepo wa kusini-magharibi, unakusanya unyevu wa bahari yote ya Hindi na kuupiga moja kwa moja kwenye pwani ya magharibi ya Thailand, inayotazama bahari ya Andaman. Phuket iko hapo hapo. Kuanzia Mei hadi Oktoba ndiyo masika yao. Mvua inanyesha kwa hasira, inakatika, jua linatoka, inarudi.

Mvua si tatizo kubwa, na hoteli zinashusha bei sana miezi hiyo, tena tulipata chumba ambacho Januari tusingekisogelea. Tatizo ni kwamba fukwe za magharibi za Phuket, Patong, Karon, Kata, hazina mwamba wa kuvunja mawimbi kama wetu. Maji yanakuja na nguvu zake zote hadi mchangani, kisha yanatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo ndiyo mkondo unaomvuta mtu kuelekea kilindini. Jua linawaka, mchanga mweupe, maji ya kijani kibichi, na katikati imesimama bendera nyekundu. Ukiwa mtu wa pwani, moyo unakwambia bendera hiyo ni ya watalii.

Mume wangu anaogelea tangu utotoni, Likoni. Aliiona bendera, akasema, "Naingia mpaka kiunoni tu." Aliingia mpaka kiunoni. Wimbi moja likamtoa miguu chini, na nilipotazama tena alikuwa mbali kuliko mahali popote nilipotarajia kumwona. Sikupiga kelele, sauti haikutoka. Kilichomwokoa ni kwamba hakushindana na maji. Aliacha yamvute kidogo, akaogelea kando, sambamba na ufukwe, mpaka alipotoka kwenye ule mkondo, kisha mawimbi yenyewe yakamrudisha. Mlinzi wa ufukwe alikuwa ameshaanza kukimbia na ubao wake. Alimfokea kwa Kithai, na sikuhitaji mkalimani. Siku zilizobaki aliogelea kwenye bwawa la hoteli, pamoja na watoto.

Hivyo: nyekundu ni hapana, kwa kila mtu. Tafuta sehemu yenye bendera nyekundu na njano pamoja, hapo walinzi wanatazama. Ukivutwa, usiogelee kurudi moja kwa moja. Hakuna anayeushinda mkondo ule. Kaa juu ya maji, nenda kando, inua mkono.

Jambo jingine la msimu: ghuba ya Maya, ile ya picha zote za visiwa vya Phi Phi, hufungwa kila mwaka Agosti na Septemba ili ipumzike. Ilifungwa kabisa 2018, ikafunguliwa tena Januari 2022, na tangu hapo ina likizo yake. Muuzaji wa safari kando ya barabara hakutuambia. Alituuzia "Maya Bay", na kweli tuliiona, kutoka kwenye boti iliyokuwa ikiruka juu ya mawimbi huku wifi akitapika kwenye mfuko. Uliza swali moja kabla ya kulipa: tunashuka, au tunatazama? Uliza pia kama ada ya hifadhi ya taifa imo kwenye bei, maana mgeni hulipa mara kadhaa ya anacholipa mwenyeji.

Kisha homa. Wifi aliamka asubuhi moja na mwili moto, macho yanamuuma kwa nyuma, viungo vyote vinalia. Mkenya wa pwani akisikia homa, neno la kwanza ni malaria, na mume wangu alishafika kwenye duka la dawa kuulizia vidonge. Mfamasia alitikisa kichwa na kutuelekeza hospitali. Phuket hakuna malaria ya kumtisha mtalii. Kinachotisha ni kidingapopo, yaani homa ya dengue. Na mbu wake hafuati saa za yule tunayemjua. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Sisi tulikuwa tukijipaka dawa usiku tu, halafu asubuhi tunakunywa chai bustanini miguu wazi.

Hospitali ya binafsi tuliyokwenda ilikuwa safi kuliko hoteli yetu, na kabla ya daktari walitaka kadi ya benki. Hapa ndipo bima ya safari inapojulikana kama ni bima au karatasi. Yetu ilikuwa na namba ya simu ya dharura, na sharti lililoandikwa kwa maandishi madogo kwamba uwapigie kabla ya matibabu. Tulipiga. Tulilipa wenyewe zaidi ya baht 9,000, tukatunza kila risiti na ripoti ya daktari kwa Kiingereza, na fedha nyingi zilirudishwa baadaye, kwa kusumbuana. Daktari alituuliza tumetoka wapi. Mwambie ukweli wote. Aliposikia Mombasa aliagiza na kipimo cha malaria pia, kwa sababu mtu anaweza kuondoka nayo nyumbani ikaibukia ugenini. Malaria haikuwepo, kidingapopo kilikuwepo. Na kwa kuwa kidingapopo hujificha mwilini kwa siku 4 hadi 10 kabla ya kuonekana, na Mombasa pia tumekuwa nacho, sitaapa kwamba ni mbu wa Phuket.

Dawa yake ni maji, kupumzika na parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni usiguse, zinaweza kuleta kutoka damu. Walimpima damu kila siku, na wakatuonya kwamba hatari huja homa inaposhuka: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, hapo ni kurudi mbio. Wifi alilala, mimi nikakaa naye kitandani nikimnywesha madafu ya baridi. Alikuwa akilia kimyakimya kwamba ametuharibia likizo. Nilimwambia, "Wifi, nyamaza unywe."

Pikipiki sikuzitaja kwa sababu tulizikataa, japo za kukodi ziko kila kona na ni rahisi. Kibali cha kimataifa cha kuendesha, kinachotolewa na AA Kenya, lazima kionyeshe daraja la pikipiki, la sivyo polisi wanakutoza faini na bima inajitoa ukianguka. Wengine hutaka kushika pasipoti yako kama dhamana. Usimpe mtu pasipoti. Phuket teksi ni ghali, lakini kuna basi la uwanjani linalopita fukwe kubwa za magharibi kwa baht 100, na pikapu za buluu zenye viti virefu viwili nyuma zinazotoka mjini kwenda ufukweni mchana. Mtu wa matatu atazielewa bila kufundishwa.

Kwa mwalimu mwenye Agosti tu mkononi, kama sisi, pwani ya kwenda ni ile nyingine, ya Ghuba ya Thailand: Koh Samui, Koh Phangan, Koh Tao. Huko Julai na Agosti kwa kawaida ni kukavu zaidi, mvua zao kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Tiketi ya ndege hadi Samui inauma, kwa kuwa uwanja wenyewe ni mali ya shirika la ndege. Nafuu ni kuruka hadi Surat Thani, kisha basi na feri. Unapoteza karibu siku nzima, lakini tofauti ya bei kwa watu watatu inalipia hoteli ya usiku kadhaa. Phuket iache hadi Desemba, Januari au Februari, na ukate chumba mapema, maana miezi hiyo dunia nzima iko hapo.